Nuru ya Kamera Katika Chumba cha Kujifungulia

Zamani kamera ilikuwa chombo cha harusi, cha mahafali na cha studio yenye pazia lililochorwa minazi. Chumba cha kujifungulia hakikuwa mahali pake. Leo kila aingiaye humo, awe mama mkwe, mume, dada au mwanafunzi wa ukunga, ana kamera mfukoni, kwa kuwa kamera imo ndani ya simu. Ndipo lilipozuka jambo ambalo wauguzi wa wodi za wazazi wanalifahamu vizuri: kichwa cha mtoto kinachomoza, jamaa anainua simu, nuru kali inamulika chumba kizima, na mkunga anapaza sauti, "Zima hiyo, utampofusha mtoto!" Jamaa huzima, pengine kwa aibu, pengine kwa kunung'unika, na habari huishia hapo.

Haifai kuishia hapo. Amri ya mkunga ni sahihi; sababu aliyoitoa siyo. Hilo laweza kuonekana jambo dogo, maadamu simu imezimwa na mtoto amezaliwa salama. Walakini mtu aliyekatazwa jambo kwa sababu isiyo ya kweli, siku atakapogundua kwamba sababu ile haina msingi, atalirudia jambo lile bila wasiwasi. Tena atawatilia shaka waliomkataza hata pale watakapomweleza kweli tupu, kwa mfano kwamba mtoto asipewe maji kabla ya kutimiza miezi sita, au kwamba chanjo yake isicheleweshwe. Wahudumu wa afya hawana akiba kubwa ya imani ya wananchi kiasi cha kuitumia ovyo.

Yafaa kuanza na nuru yenyewe. Taa ya kamera inayomulika ghafla, ambayo watu wengi huiita flashi, ilianza kama moto wa kweli. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na klorati ya potasiamu, na mchanganyiko huo ulipowashwa ulilipuka kwa mwanga mkali na wingu la moshi. Katika zama ambapo wagonjwa walilazwa usingizi kwa etha, ambayo mvuke wake hushika moto upesi, kuwasha kitu kama hicho karibu na kitanda cha upasuaji kulikuwa hatari isiyohitaji maelezo. Lakini hatari hiyo ilikuwa ya moto, si ya macho. Flashi ya umeme ilistawishwa katika miaka ya 1930 na Harold Edgerton wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts huko Marekani. Hiyo haina moshi wala ndimi za moto: umeme hukusanywa katika kapasita, kisha huachiliwa kwa mkupuo ndani ya bomba la kioo lenye gesi ya zenoni, na gesi hiyo hung'aa kwa muda wa sehemu kama moja ya elfu ya sekunde.

Ni nuru kiasi gani inayomfikia mtoto? Swali hili hujibiwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Ukali wa nuru inayoangukia mahali hupimwa kwa kizio kiitwacho luksi. Kiasi chote kilichoangukia hapo ni ukali huo ukizidishwa kwa muda wa kumulika. Flashi ndogo ya kamera, ya aina ambayo wapiga picha huipa namba ya mwongozo 20, ikiwa umbali wa mita 1 hutoa kiasi kinachokaribia luksi 1,000 kwa sekunde moja, kwa kanuni zilezile zinazotumiwa kupimia nuru ya picha. Chumba kilichowashwa taa vizuri kwa kazi huwa na luksi kama 500. Maana yake ni kwamba pigo moja la flashi hiyo humpa mtoto kiasi cha nuru ambacho angekipata kwa kulala sekunde 2 tu chini ya taa za kawaida za chumba. Jua la adhuhuri katika nchi hizi za ikweta hufikia luksi 100,000, nalo hutoa kiasi hicho hicho kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Mpiga picha akirudi nyuma hadi mita 2, kiasi hupungua hadi robo, si hadi nusu. Mwalimu aweza kulionyesha hili bila chombo chochote cha gharama. Kipande cha kadibodi chenye tundu la mraba huwekwa mbele ya tochi, na karatasi ya miraba huwekwa nyuma yake. Karatasi ikisogezwa mara mbili ya umbali kutoka kwenye taa, nuru iliyojaza mraba mmoja sasa imelazimika kutapakaa juu ya miraba minne. Darasa likishaliona hilo kwa macho yake halilisahau upesi. Ama taa ya simu, hiyo kwa kawaida ni dhaifu kuliko bomba la zenoni, ingawa hudumu kwa muda mrefu zaidi, na mwenye kupiga filamu huiacha ikiwaka mfululizo.

Msomaji makini atapinga: sumu kidogo inayonywewa kwa mwaka si sawa na sumu ileile ikinywewa kwa mkupuo mmoja, je, nuru haiko hivyo? Pingamizi hilo ni la haki. Flashi humaliza kumulika kabla ukope haujapata nafasi ya kufumba, kwa hiyo ukope haumkingi mtu. Tena lenzi ya jicho la mtoto mchanga ni safi kuliko ya mtu mzima na hupitisha zaidi nuru ya buluu. Lakini hata katika kilele chake, uso wa flashi ya aina iliyotajwa hauzidi uso wa jua kwa mng'ao, na kilele hicho hupita kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Mboni za mtoto mchanga ni ndogo, na mara nyingi kope zake zimevimba na kufumba katika dakika zile za mwanzo. Kuweka flashi sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtu yeyote, mkubwa au mdogo, ni upumbavu, kwa sababu ya joto lake. Ila jamaa aliyesimama miguuni pa kitanda hayuko sentimita chache.

Mashaka juu ya nuru na macho ya watoto wachanga hayakuzuka ovyo. Yana historia, na historia hiyo inastahili kufundishwa madarasani kuliko nyingine nyingi zinazofundishwa. Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza ugonjwa mpya uliowapofusha watoto njiti: nyuma ya lenzi za macho yao palikuwa na utando mweupe. Miongoni mwa mambo aliyoyashuku Terry ni nuru. Lilikuwa wazo la akili. Mtoto aliyepaswa kuwa gizani ametolewa nje mapema mno. Ni kitu gani kilichobadilika katika maisha ya jicho lake kuliko mwanga? Lakini wazo la akili si ushahidi. Katika muda wa miaka kumi hivi ugonjwa huo uliwapofusha watoto wapatao 10,000 duniani, na ajabu ni kwamba uliwapata zaidi katika nchi zenye hospitali zilizokamilika kwa vifaa. Mwanamuziki Stevie Wonder wa Marekani, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wa watu ambao upofu wao huhusishwa na ugonjwa huo. Mwaka 1954 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa pamoja wa hospitali 18 za Marekani, na mshitakiwa akajulikana: ilikuwa oksijeni, iliyotolewa kwa ukarimu ndani ya inkubeta ili kuwaokoa watoto walewale. Mishipa ya damu ya retina ambayo haijakomaa huvurugika katika ukuaji wake inapopata oksijeni nyingi kupita kiasi.

Hata hivyo nuru haikuachiwa huru moja kwa moja. Mwaka 1985 watafiti wengine wa Marekani waliandika kwamba katika vyumba vya watoto njiti vilivyopunguzwa mwanga, ugonjwa wa retina ulionekana mara chache zaidi. Hospitali nyingi zikaanza kufunika inkubeta kwa vitambaa. Ndipo likafanyika jaribio lililostahili kufanywa tangu mwanzo. Watoto njiti 409 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Wa kundi moja walivishwa, ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, miwani iliyozuia asilimia 97 ya nuru, wakakaa nayo kwa wiki kadhaa. Wa kundi la pili waliachwa katika nuru ya kawaida ya wodi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: ugonjwa uliwapata asilimia 54 ya waliovishwa miwani na asilimia 58 ya wasiovishwa, tofauti ambayo kwa hesabu ya takwimu haina uzito. Giza la wiki nzima halikuyakinga macho dhaifu kuliko yote. Kweli, nuru ya wodi na nuru ya flashi si kitu kimoja, na jaribio hilo halikupima flashi. Lakini madaktari wa macho huziangalia na kuzipiga picha retina za watoto njiti, wakielekeza nuru ndani kabisa ya jicho, ili kuutambua ugonjwa huohuo mapema. Kama nuru fupi ingekuwa inapofusha, dawa hiyo ingekuwa ndiyo maradhi.

Pana mahali ambapo macho ya mtoto mchanga hufunikwa kwa sababu ya nuru, na ni sawa yafunikwe. Mtoto mwenye umanjano hulazwa chini ya taa za buluu, tiba iliyoanzia hospitali ya Rochford huko Uingereza katika miaka ya 1950, pale muuguzi mmoja alipogundua kwamba ngozi ya mtoto aliyewekwa juani ilipoteza umanjano isipokuwa pale palipofunikwa na shuka. Taa hizo huwaka kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa, zikiwa karibu na mwili. Huko hatari ni wingi wa nuru kwa muda mrefu. Anayechukua kitambaa cha macho cha tiba hiyo na kukifanya hoja dhidi ya flashi anachanganya mvua ya masika na tone la umande.

Mwaka 2015 ilienea duniani kote habari kutoka China kwamba mtoto wa miezi mitatu alipofushwa jicho na flashi ya rafiki wa familia aliyempiga picha kwa karibu. Wataalamu wa macho wa nchi mbalimbali waliikataa habari hiyo, lakini kukanusha hakusafiri kwa mbio kama uvumi. Ni bahati mbaya, kwa kuwa flashi na macho ya watoto vina uhusiano wa kweli ambao wazazi wachache wanaujua. Nuru ya flashi hupenya mboni, hugonga sehemu ya nyuma ya jicho yenye damu nyingi, na hurudi ikiwa nyekundu. Ndiyo asili ya macho mekundu katika picha. Mtoto ambaye jicho lake moja katika picha ni jekundu na jingine lina weupe kama wa jicho la paka gizani apelekwe kwa daktari bila kukawia. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni kosa la pembe ya picha, lakini pia huenda ni retinoblastoma, saratani ya retina inayompata mtoto mmoja katika kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Ikigunduliwa mapema hutibika. Katika Afrika watoto wengi hufikishwa hospitali jicho likiwa tayari limesukumwa nje. Mzazi aliyefundishwa kwamba flashi inapofusha, akiuona weupe huo katika picha, atadhani picha ndiyo iliyomdhuru mwanawe. Atajilaumu, ataificha, na miezi itapita. Hapo uongo mdogo wa chumba cha kujifungulia unakuwa na bei.

Basi ikiwa macho ya mtoto hayamo hatarini, kwa nini flashi izimwe?

Kwanza kwa ajili ya mama. Uchungu wa uzazi huendeshwa na homoni ya oksitosini, inayoukaza mfuko wa uzazi. Hofu na mshtuko hutoa adrenalini, ambayo yaweza kuulegeza mfuko huo na kuurefusha uchungu. Katika miaka ya 1960 Niles Newton na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba panya jike waliobughudhiwa wakati wa kuzaa walichelewa kutoa vitoto vyao. Mwanamke si panya, na hakuna mwenye haki ya kudai kwamba pigo moja la flashi husimamisha uchungu. Hata Frédérick Leboyer, daktari wa Ufaransa ambaye kitabu chake cha mwaka 1974 kiliwafanya wengi wapunguze taa na sauti katika vyumba vya uzazi, alidai mengi kuliko yaliyothibitika: jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1980, likiwahusisha wanawake 56, halikuona faida ya pekee kwa watoto waliozaliwa kwa njia yake ikilinganishwa na uzazi wa kawaida ulioendeshwa kwa upole. Hata hivyo hapana haja ya jaribio ili kujua kwamba mtu aliye katika maumivu makali, nusu uchi, miguu imepanuliwa, hushtuka anapomulikwa ghafla. Fauka ya hayo, mama mwenye shinikizo la damu huulizwa na mkunga kama anaona vimulimuli mbele ya macho, kwa sababu hiyo ni mojawapo ya dalili za hatari zinazotangulia kifafa cha mimba. Aliyetoka kumulikwa mara sita atajibu nini?

Pili kwa ajili ya mkunga, na hapa ndipo penye uzito ambao haujasemwa vya kutosha. Macho yanayodhurika kwa flashi katika chumba cha uzazi ni ya mkunga, si ya mtoto. Hayadhuriki daima, yanadhurika kwa sekunde kadhaa. Kemikali za retina zinazopokea nuru hupauka zikimulikwa kwa nguvu, na zinahitaji muda kurudi katika hali yake. Katika muda huo mtu huona doa likielea palepale anapotazama. Kila aliyewahi kukutana usiku na gari lenye taa kali barabarani anaijua hali hiyo. Sasa doa hilo na lielee mbele ya mtu anayebana kitovu, anayetafuta mahali damu inapotoka, au anayeshika sindano ya kushonea. Rangi ya mwili wa mtoto, kama ni ya buluu au imeanza kuwa nyekundu, ni mojawapo ya mambo matano yanayopimwa kwa kipimo alichokibuni Dakta Virginia Apgar mwaka 1952, nayo hutazamwa dakika ya kwanza na ya tano. Haitazamwi kupitia doa.

Wala si macho tu. Ni dakika yenyewe. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi ameloa, na maji yanayokauka juu ya ngozi yake yanamnyang'anya joto. Apaswa kukaushwa mara moja na kulazwa kifuani pa mama yake. Na asiyepumua apaswa kusaidiwa kwa mfuko wa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Katika hospitali 8 za Tanzania wahudumu walipofundishwa kazi hiyo kwa utaratibu, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Hapakuwa na mashine ya gharama. Palikuwa na mikono iliyojua la kufanya na dakika isiyopotezwa. Sasa atokee jamaa aombe, "Muinue kidogo, nimpate vizuri," na mkunga, kwa adabu au kwa uchovu, amwinue. Sekunde kumi. Picha haikutoka, irudiwe. Sekunde kumi nyingine. Hakuna retina iliyoungua, lakini mtoto ameloa na anapoa hewani, na kama ni yule mmoja asiyepumua, sekunde hizo zimetolewa katika fungu lake.

Kuna kinaya ambacho hakina budi kutajwa. Zipo zahanati ambako taa ya simu ndiyo taa pekee ya chumba cha uzazi umeme unapokatika, na mkunga huishika kwa meno au humpa jamaa amshikie. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia na washirika wao ilikadiria kwamba watu karibu bilioni moja, katika nchi za kipato cha chini na cha chini ya wastani, wanahudumiwa na vituo visivyo na umeme wa kuaminika au visivyo na umeme kabisa. Kumwambia mama wa kituo kama hicho kwamba taa ya simu inapofusha ni kumwogopesha kwa chombo kilichomwokoa. Taa inayowashwa na mkunga, ikaelekezwa anapopataka yeye, ni chombo cha kazi. Taa ileile mikononi mwa mtazamaji ni kizuizi. Tofauti haimo katika nuru.

Tatu, na hapa sayansi husimama mlangoni ikaiachia nafasi desturi na sheria, picha hiyo ni ya nani? Wazee husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini picha ya uchungu huo leo yaweza kujulikana na watu mia mbili wa kundi la familia kabla kondo la nyuma halijatoka. Katika mwambao na visiwani mama na mtoto hukaa ndani hadi arobaini, na sababu moja ya desturi hiyo ni kuwakinga na macho ya watu. Familia ileile inayoshika arobaini kwa uaminifu yaweza kuruhusu picha ya mtoto mwenye damu isambae siku ya kwanza, bila yeyote kuona mgongano. Mama hakuulizwa. Au aliulizwa wakati njia imefunguka kabisa, saa ambayo mtu hukubali lolote ili aachwe. Idhini ya namna hiyo si idhini. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa imetunga yake mwaka 2019. Zote mbili zinazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Wanafunzi wa uuguzi na udaktari, ambao husema picha zao ni za mafunzo, hawamo nje ya sheria hizo. Kwa kweli wao wanapaswa kubanwa zaidi, kwa kuwa mama aweza kumkatalia shemeji yake, lakini ni vigumu kumkatalia mwenye koti jeupe.

Haya yote hayasemwi ili kamera ifukuzwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kila mama awe na mwenzi amtakaye wakati wa kujifungua, na mwenzi huyo akiruhusiwa, simu yake imeingia pamoja naye. Zipo picha za thamani kubwa. Kwa mama aliyempoteza mtoto saa ya kuzaliwa, picha moja yaweza kuwa kitu pekee kinachothibitisha kwamba mtoto yule alikuwako, alikuwa na vidole kumi, na alifanana na babu yake. Muuguzi anayekataza picha kwa ukali asioupima aweza kumnyima mtu kitu hicho.

Tena flashi yenyewe haina kazi kubwa tena. Filamu nyingi zilizouzwa katika miaka ya 1970 zilikuwa na wepesi wa 100 hadi 400, na katika chumba chenye taa moja ya dari mpiga picha hakuwa na njia nyingine. Kamera za leo hufanya kazi bila shida katika wepesi wa 3,200, yaani zinahitaji sehemu moja tu katika 32 ya nuru iliyohitajiwa na filamu ya 100. Picha iliyopigwa kwa nuru ya chumba huonyesha uso wa mama jinsi ulivyokuwa. Ile ya flashi huonyesha jasho linalong'aa na ukuta mweupe nyuma yake.

Hospitali na vituo vya afya vinavyotaka kubandika tangazo juu ya jambo hili havihitaji kutisha mtu. Maneno machache yanatosha: "Tafadhali usiwashe flashi wala taa ya simu. Haimpofushi mtoto, lakini humsumbua mama na kumziba mkunga macho. Picha zipigwe kwa idhini ya mama tu, mtoto akiwa tayari anapumua, amekaushwa na amefunikwa." Na tangazo hilo libandikwe kliniki, mahali ambapo mama na jamaa zake hukaa wakingoja zamu miezi kadhaa kabla, wana muda wa kusoma, kuuliza na kubishana. Mlangoni pa chumba cha kujifungulia hakuna asomaye.